Kuendesha bodi ya Mini-ITX kwa pawa saplai ya volti 12 isiyo ya ATX

Kompyuta ndogo za ofisini za Dell, HP na Lenovo huwa na pawa saplai nyembamba, imara na tulivu. Zikitolewa humo hubaki bila kazi, kwa kuwa plagi zake hazifanani na za bodi za kawaida kama Mini-ITX (bodi mama ndogo), zinazofuata mpangilio wa umeme na plagi uitwao ATX. Kwa anayejenga kompyuta ndani ya kasha la lita 4 au 5, wembamba huo ndio unaotafutwa, maana hata SFX, aina ndogo ya pawa saplai ya kawaida, yenye milimita 125 × 100 × 63.5 mara nyingi haienei humo. Njia inayoelezwa hapa ni kuchukua volti 12 kutoka pawa saplai ya aina hiyo, au adapta ya nje kama Dell DA-2, na kuzipitisha kwenye kibadilishi kidogo cha DC-DC (kinachogeuza volti 12 kuwa volti nyingine ambazo bodi inazihitaji) kinachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya pini 24 ya bodi mama. picoPSU ndiyo inayojulikana zaidi katika vibadilishi hivyo.

Kazi yote inafanyika nje ya boksi la pawa saplai. Usilifungue. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti 325 hivi kwenye umeme wa ukutani wa 230, na karibu 400 kwenye zile zenye saketi ya PFC (ya kunyoosha uvutaji wa umeme ukutani), na chaji hiyo inaweza kubaki humo baada ya plagi kuchomolewa. Anayekushauri ubadilishe feni, ukate waya kwa ndani au upandishe volti kwa kugusa rezista anakupeleka mahali ambapo kosa moja linatosha. Nyaya unazozihitaji zimekwisha kutoka nje.

Soma lebo kabla ya kukata chochote

Lebo inakuambia karibu kila kitu. Tafuta kwanza njia za umeme zinazotoka. Ukiona volti 12 pekee, pamoja na njia moja ndogo ya kusubiri (inayobaki na umeme kompyuta ikiwa imezimwa) iliyoandikwa 5Vsb, 11Vsb au 12Vsb, hiyo inafaa. Ukiona pia 3.3V na 5V zenye ampea nyingi, hiyo ni ATX iliyovaa plagi tofauti, na kazi yake ni nyepesi zaidi: unahamisha pini tu, huhitaji kibadilishi.

Pili, angalia kama volti 12 zimegawanywa. Lebo nyingi huandika 12VA na 12VB, kila moja na ampea zake. Usiziunganishe pamoja ili upate jumla kubwa. Kila njia ina kikomo chake cha kujikata, na ukizifunga pamoja unaua ulinzi uliowekwa kwa ajili ya waya. Mpe prosesa njia moja, vingine vyote njia ya pili. Kumbuka pia kwamba jumla ya wati iliyoandikwa chini mara nyingi ni ndogo kuliko ukijumlisha njia zote, na hiyo jumla ya chini ndiyo kikomo.

DA-2 ni volti 12 na ampea 18, yaani wati 216. Ni adapta ya nje yenye plagi ya pini nane, na haitoi umeme mpaka pini yake ya kuwashia iunganishwe na hasi.

Hesabu

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa sababu watu husoma "wati 65" kwenye boksi la prosesa na kuamini. Prosesa ya AMD ya soketi ya AM4 yenye TDP (wati za joto anazotangaza mtengenezaji) ya 65 inaruhusiwa kuvuta 88 kwenye soketi. Intel Core i5-12400 nayo inaitwa ya wati 65, lakini kikomo chake cha juu ni 117. Juu ya hapo, saketi ya bodi inayoshusha volti 12 kwa ajili ya prosesa hupoteza kiasi njiani. Gawanya kwa 0.88 upate kinachovutwa kwenye waya.

Chukua mfano wa DA-2, ukipanga kutumia asilimia 80 tu ya uwezo wake kwa mzigo wa muda mrefu: wati 173. Prosesa ya 88 inakuwa 100 kwenye waya. Bodi, RAM, diski ya NVMe na feni mbili, weka 30. Kadi ya michoro isiyo na plagi ya ziada inaweza kufika 75. Jumla ni 205, na hiyo ni nyingi mno. Ukiishusha prosesa kwenye BIOS (mipangilio ya bodi mama) ifanye kazi kwa wati 60, kwenye waya inakuwa 68, na jumla inatua 173 kamili. Tofauti ya mwendo utaigundua kwenye kazi nzito tu, na kompyuta haitajizima katikati ya mchezo.

Kuna kikomo kingine ambacho wengi hukisahau: volti 12 za kibadilishi chenyewe. Kadi ya michoro inayokula umeme wa sloti peke yake inaweza kuvuta ampea 5.5 za volti 12 kupitia plagi ya pini 24, na feni zinaongeza juu yake. Kibadilishi chenye ampea 6 kwenye njia hiyo kitakuwa kinachemka muda wote. Tafuta chenye 8 au zaidi. Plagi ya prosesa isitoke kwenye kibadilishi kabisa. Ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai.

Vifaa

Maltimita, koleo la kubania pini za Mini-Fit zenye nafasi ya milimita 4.2, pini za kike na nyumba zake za plastiki, waya wa geji 16 au 18 wenye nyuzi nyingi, mirija inayosinyaa kwa joto, fyuzi za bapa za gari na soketi zake. Rezista moja ya ohm 470, nusu wati. Kwa mfumo wa adapta ya nje: rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya gari ya volti 12 yenye kontakti za ampea 30 au 40, na dayodi ya 1N4007. Kwa mfumo wa pawa saplai ya ndani yenye umeme wa kusubiri: dayodi mbili za Schottky kama BAT85. Balbu mbili au tatu za gari za volti 12, wati 55, kwa ajili ya kupima mzigo.

Kutambua pini

Usitegemee rangi za nyaya. Watengenezaji hawa hawafungwi na rangi za ATX, na waya wa njano wa mmoja ni waya wa ishara wa mwingine. Michoro ya mtandaoni nayo itumie kama dokezo tu, kwa sababu modeli mbili zenye plagi inayofanana zinaweza kutofautiana ndani ya plagi hiyo.

1. Pawa saplai ikiwa imechomolewa ukutani, weka maltimita kwenye kipimo cha mwendelezo, kile kinachotoa mlio ncha zikiunganika. Ncha moja iguse chuma cha boksi, nyingine ipite kwenye kila pini. Zinazolia ni hasi. Kwa adapta ya plastiki, hasi utaitambua kwa nyaya nene zinazolia zenyewe kwa zenyewe katika makundi mawili. Hatua ya tatu itakuonyesha lipi ni lipi.

2. Weka alama kwenye nyaya nene zilizobaki. Hizo karibu kila mara ni volti 12. Ukiona waya mwembamba umebanwa pamoja na mnene ndani ya pini moja, huo ni waya wa kupimia volti mwishoni mwa kebo. Ukiukata na kuuacha wazi, pawa saplai inaweza kudhani volti zimeshuka na kuzipandisha. Uendelee kushikana na ule mnene mpaka mwisho.

3. Sasa chomeka ukutani. Ncha nyeusi ya maltimita kwenye hasi, pima nyaya nyembamba moja moja. Ikiwa zile nene tayari zina 12, pawa saplai yako haina swichi na iko hewani muda wote. Ikiwa ni sifuri, tafuta nyaya nyembamba zenye volti: mmoja ni umeme wa kusubiri, mwingine ni PS_ON, waya wa kuwashia.

4. Kuzitofautisha, unganisha rezista ya ohm 470 kati ya waya unaoushuku na hasi. Umeme wa kusubiri hautatikisika. PS_ON itashuka chini ya volti 0.8, na nyaya nene zitapata 12 papo hapo. Usitumie kipande cha waya mtupu kwa jaribio hili: ukikosea ukaugusisha umeme wa kusubiri, umepiga shoti. Rezista hiyo, hata ikiangukia volti 12, itapitisha miliampea 25 tu.

5. Mfumo ukiwa umewaka, waya uliokuwa sifuri na sasa una 3.3 au 5 ni PWR_OK, ishara kwamba volti zimetulia. Hutauhitaji, kwa sababu kibadilishi kinatengeneza wake. Funika ncha yake kwa mrija pamoja na nyaya nyingine za ishara zisizojulikana.

Andika pia PS_ON ilikuwa na volti ngapi kabla ya kuivuta chini. Ikiwa imezidi 5, usiipeleke kwenye bodi ya kawaida. Tumia njia ya rilei iliyoelezwa hapa chini.

Jaribio la balbu

Kabla ya kununua kitu kingine, hakikisha pawa saplai inabeba inachodai. Balbu moja ya wati 55 inavuta ampea 4.6 hivi. Washa na moja, pima volti, ongeza ya pili, kisha ya tatu, ukifika karibu ampea 14. Volti zisishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Iache ifanye kazi dakika 20.

Balbu baridi huvuta mkupuo mkubwa mara kadhaa kuliko ikiwa imewaka, kwa hiyo pawa saplai ikijikata unapogusisha balbu tatu kwa mpigo, hilo si lazima liwe kosa lake. Ziongeze moja moja. Na uzilaze juu ya kigae au chuma. Kioo chake huunguza meza.

Njia ya kwanza: umeme uko hewani muda wote

Hii ndiyo ya DA-2 na pawa saplai zote ambazo PS_ON yake umeifunga kwenye hasi moja kwa moja. Kibadilishi kinapata 12 wakati wote, kinatengeneza 5VSB yake (umeme wa kusubiri wa volti 5), na bodi inakiwasha kwa waya wa kijani, PS_ON ya ATX, kama kawaida. Upande huo hauna shida.

Shida iko kwenye plagi za prosesa na kadi ya michoro zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Zikiachwa na umeme kompyuta ikiwa imezimwa, kadi ya michoro inaweza kurudisha umeme ndani ya bodi kupitia sloti. Dalili yake ni feni zinazozunguka polepole kompyuta ikiwa imelala, au kompyuta inayokataa kuwaka mpaka uchomoe ukutani. Ndiyo sababu ya rilei.

Rilei ya gari ina namba nne. Chanya ya pawa saplai iende 30. Kutoka 87 toa nyaya za prosesa na za kadi ya michoro. Pini 85 iende hasi, na 86 ipate volti 12 kutoka waya wa njano wa plagi ya diski *inayotoka kwenye kibadilishi*, kwa kuwa huo una umeme pale tu bodi inapowasha. Funga 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86. Bila hiyo, koili ikizimwa inatema mkupuo wa volti nyingi kuelekea kibadilishi. Baadhi ya rilei za gari zina dayodi tayari ndani, na hapo kugeuza 85 na 86 ni shoti.

Muda hauleti taabu. Rilei hufunga ndani ya milisekunde 10 hivi, wakati ATX inataka PWR_OK ichelewe walau milisekunde 100 baada ya volti kutulia. Koili yenyewe inakula karibu wati 2 na inapata joto. Hiyo ni hali yake.

Njia ya pili: PS_ON na umeme wa kusubiri

Hii ni safi zaidi, kwani pawa saplai nzima hulala kompyuta ikizimwa na rilei haihitajiki. Nyaya nene za 12 zinalisha kibadilishi, prosesa na kadi ya michoro moja kwa moja. Umeme wa kusubiri, ukiwa ni volti 5 na ampea 2 au zaidi, unapelekwa kwenye pini 9 ya bodi, ile ya waya wa zambarau. Ukiwa ni 11 au 12, pitisha kwanza kwenye moduli ndogo ya kushusha hadi 5 yenye uwezo wa ampea 3, uipime na kuirekebisha kabla haijagusa bodi. Waya wa zambarau wa kibadilishi unakatwa na kufunikwa. Vyanzo viwili vya 5VSB visikutane. Kibadilishi kinachochomekwa bila kebo hakina waya wa kukata, hivyo kitumie pamoja na kebo fupi ya nyongeza ya pini 24.

Halafu waya wa kijani, pini 16. Bodi moja sasa inaamuru mashine mbili: pawa saplai na kibadilishi. Ukifunga PS_ON zote mbili pamoja, kibadilishi ambacho bado hakina umeme kinaweza kuivuta ishara ya pawa saplai chini, na kompyuta ikajiwasha yenyewe kila ukichomeka ukutani. Weka dayodi moja ya Schottky kwenye kila tawi, mistari yake ikielekea bodi. Dayodi ya kawaida ya silikoni hupoteza karibu volti 0.7 na inaweza kuiacha PS_ON juu ya 0.8, ikawa haijulikani imewashwa au imezimwa. Schottky hupoteza 0.3 hivi.

Nyaya na plagi

Waya wa geji 18 una ukinzani wa ohm 0.021 kwa mita. Kebo ya sentimita 40, kwenda na kurudi, ni mita 0.8. Ukipitisha ampea 15 kwenye jozi moja tu, unapoteza volti 0.25 na waya unapata joto. Kwa jozi tatu, upotevu ni 0.08. Ongeza jozi badala ya kutafuta waya mnene ambao pini haitaushika.

Plagi ya prosesa na ya kadi ya michoro zote zinaweza kuwa na pini nane, na mpangilio wake ni kinyume. Kwenye ya prosesa, volti 12 ziko upande wa kilimi cha kufungia. Kwenye ya kadi ya michoro, upande wa kilimi ni hasi. Ziandike majina kwa kalamu kabla ya kubana pini ya kwanza.

Menya milimita 3 za waya. Mabawa ya mbele ya pini yabane shaba, ya nyuma yabane ganda. Usiloweshe nyuzi kwa risasi kabla ya kubana: risasi hunywea polepole chini ya mbano, pini inalegea, na baada ya miezi plastiki inaungua. Vuta kila waya kwa nguvu ya mkono. Unaochomoka sasa ungechomoka baadaye.

Fyuzi ikae karibu na pawa saplai: 10 kwa tawi la kibadilishi, 15 kwa prosesa. Kwa kadi ya michoro yenye plagi ya pini sita, ambayo ni wati 75, ampea 10 zinatosha. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Na usitengeneze plagi ya pini nane ya kadi ya michoro kama hesabu yako haina wati 150 za kuitegemeza, kwa sababu pini mbili za ishara kwenye plagi hiyo ndizo zinazoiambia kadi kwamba umeme upo.

Kama unatumia adapta ya nje, ikiwa imechomolewa pima kama pini ya ardhi ya plagi ya ukutani inalia na hasi ya plagi ya DC. Isipolia, kasha la chuma litakuwa linaelea, na mkono ukiligusa utahisi mchonyoto. Suluhisho ni waya wa ardhi kutoka kwenye kebo ya ukutani yenye pini tatu hadi skrubu ya kasha.

Kuwasha mara ya kwanza

Bodi isiwepo. Kwa njia ya kwanza, gusisha kijani na cheusi kwenye plagi ya pini 24. Kwa njia ya pili, gusisha na hasi ile sehemu ambako dayodi mbili zinakutana. Pima: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47, zambarau 4.75 hadi 5.25 hata kabla ya kuwasha, kijivu karibu 5. Pima na plagi ya prosesa, pini kwa pini, ukithibitisha kilimi kiko upande wa 12. Kisha bodi, prosesa na RAM bila kadi ya michoro. Kadi iingie mwisho.

Ikiwaka nusu sekunde na kufa, kuna shoti au plagi iliyogeuzwa. Chomoa ukutani, usijaribu tena na tena. Ikijizima pale tu kadi ya michoro inapoanza kazi, pima volti *kwenye plagi ya kadi* wakati wa mzigo: chini ya 11.4 maana yake nyaya ni chache au pini imelegea, na ikiwa volti ni nzuri mpaka sekunde ya mwisho basi umegonga kikomo cha pawa saplai, urudi kwenye hesabu. Rilei inayotetemeka inatangaza kwamba volti za kibadilishi zinazama kila inapofunga, kwa kawaida kwa sababu kibadilishi kinashirikiana waya mwembamba na prosesa. Kipe jozi yake yenyewe kutoka pawa saplai. Kompyuta isiyoamka kutoka usingizini ina 5VSB dhaifu: pima zambarau ikiwa imelala huku diski za USB zimechomekwa.

Baada ya nusu saa ya mzigo mzito, zima, chomoa, na uguse kila plagi kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Plagi usiyoweza kuishikilia kwa sekunde tano ina pini iliyobanwa vibaya, na pini hiyo ikatwe na kubanwa upya kabla kompyuta haijawashwa tena.